Kioo Cheupe kwenye Njia ya Butembo

Sogea, ndugu yangu, unisikilize polepole. Jambo hili ninalotaka kukufundisha ni jepesi ukiwa umekaa nyumbani; ukiwa unaogopa, hata vidole vyako vinakukataa.

Tulikuwa tunatoka Beni kwenda Butembo, mimi na dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya. Njia ile, kwa sababu ya waasi wa msituni, tunapita kwa msafara, wanajeshi mbele na nyuma. Gari likiachwa linabaki peke yake na msitu, na sisi wote tumewahi kuzika watu wa magari yaliyoachwa.

Mvua ilitukuta njiani. Tulifunga madirisha, na pumzi na nguo zetu zilizolowa zikafanya kioo cha mbele kiwe cheupe. Nikawasha feni inayopuliza hewa ya moto kwenye kioo. Haikupuliza. Badala yake ilitoka harufu ya kitu kinachoungua. Nikaizima haraka.

"Yaya, panguza!"

"Napanguza! Mais ukungu inarudi! Wewe unaona nini?"

"Taa mbili nyekundu."

"Ni za gari ao za shetani?"

Sikucheka. Taa zenyewe zilikuwa zinafifia. Nilitoa kichwa dirishani, mvua ikanipiga machoni, nikaendesha hivyo hadi nikakuta msafara umesimama kwenye kizuizi. Mbele, lori lilikuwa limekwama kwenye tope. Likivutwa tu, tunaondoka.

Mwanajeshi mmoja aliniona nikijikunja chini ya kabati dogo la mbele ya abiria, feni iliko, miguu nje kwenye mvua.

"Papa chauffeur, hapa hapana garage!"

"Dakika kidogo, chef."

"Lori ikitoka, sisi twaenda. Hatungoje mutu."

Ili nisiruke kitu, nikajisemea hatua kwa sauti, kama ninavyokusemea sasa. Kwanza, zungusha kitufe cha feni, ujaribu kila mwendo. Feni ikifanya kazi kwenye mwendo wa juu peke yake, ubovu uko kwenye kile kipande kinachopunguza nguvu ya umeme. Yangu ilikataa kila mwendo. Pili, angalia fyuzi. Yangu ilikuwa nzima. Tatu, chomoa plagi ya feni, washa kitufe, gusisha hapo balbu ndogo iliyofungwa nyaya mbili. Yangu iliwaka. Basi umeme unafika. Tatizo ni feni yenyewe.

"Unasema na nani?" yaya aliuliza. Rozari ilikuwa mkononi mwake.

"Na feni."

"Sema nayo mbio!"

Mbele, watu walipiga kelele. Lori lilikuwa limeanza kusogea. Nilifungua skrubu tatu, moja ikaniponyoka ikapotea kwenye maji. Feni ikashuka mikononi mwangu. Nilijaribu kuizungusha kwa kidole, haikuzunguka. Mapezi yake yalikuwa yamezongwa na kipande cha kitenge, pembe moja imeungua.

Yaya alikitazama, akashika mdomo.

"Ni yangu. Niliingizaka pale kwa matundu, chini ya ile fimbo ya kupanguza kioo. Juu ya kuzuia vumbi. Kifua yangu, unaijua."

Wengi kwetu hufanya hivyo wakati wa kiangazi, njia inapokuwa vumbi tupu: huziba matundu ya hewa kwa kitambaa. Mvua ikianza, maji hukilainisha kile kitambaa, na feni hukivuta ndani.

"Leta tochi, yaya. Nimulikie."

Nilikivuta, kikakatika, nikamalizia kwa meno. Nikachomeka plagi, feni bado iko mapajani mwangu. Ikazunguka. Nikaizima, nikairudisha mahali pake kwa skrubu mbili, injini za mbele zikiwa tayari zinanguruma.

"Papa! Unabaki?"

"Hapana, chef! Naja!"

Tuliondoka tukiwa wa mwisho, gari la wanajeshi mgongoni mwetu. Hewa ya moto ilifungua kioo kidogo kidogo kutoka chini, kwanza duara kama sahani, kisha barabara nzima. Yaya hakuacha rozari hata hivyo, na mimi sikuondoa macho kwenye taa za mbele hadi tukaona nyumba za kwanza za Butembo.

Basi, mvua zikikaribia, zima injini, funua kifuniko chake, ingiza mkono kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, na utoe kila kitu unachokikuta humo.