Programu Iliyonisahau Kila Asubuhi

Hakuna kitu kinachonitoa roho kama mashine inayonijibu kwa adabu huku inanifanyia ujeuri. Wiki ile ilinijibu hivyo siku nne mfululizo. Nilikuwa nimeandika kazi yangu, nimeikagua, nimebonyeza, nikaletewa sentensi moja fupi ya Kiingereza ambayo maana yake ilikuwa hii: folda hii siifahamu, haina kumbukumbu yoyote. Kumbukumbu za miaka mitatu, halafu haina yoyote! Nilitamani kuitupa dirishani, imwangukie yule muuza mashuka wa chini aliyekuwa anapiga spika tangu asubuhi.

Nimweleze asiyejua. Sisi tunaoandika programu tuna mfumo wa kutunza matoleo ya kazi. Ukimaliza kipande cha kazi, unakomiti, yaani unauambia mfumo uandike kwamba leo umebadilisha hiki, kwa sababu hii, na aliyebadilisha ni wewe. Ukiharibu kesho, unarudi kwenye toleo la jana, au la mwaka juzi ukitaka. Daftari lote hilo linakaa ndani ya folda moja ndogo ambayo mfumo wenyewe unaificha ili watu wasiiguse. Mafaili ya kazi yanaweza kuwa mazima kabisa, lakini folda hiyo ikipotea huna jana. Unabaki na leo tu, na leo ikiwa mbovu umekwisha.

Na yetu ilikuwa mbovu kweli. Ofisi yetu iko ghorofa ya nne hapo Kariakoo, kwenye jengo ambalo lifti yake haipandi, nimeizoea kama picha ya ukutani. Tunatengeneza programu ya mawakala wa forodha, hawa wanaohangaika kutoa makontena bandarini. Jumatatu bosi alitaka fomu yao iongezwe safu moja, na alitaka saa hiyohiyo. Nikaongeza. Safu nyingine ikahama, uzito wa mzigo ukawa unachapwa mahali pa namba ya kontena. Haikufika saa sita mawakala walikuwa wanapanda ngazi wamekunja nyuso.

"Kaka, hii fomu yenu inazingua," mmoja akaniambia, anahema. "Nimerudishwa getini mara mbili. Mteja nimwambie nini mimi?"

Dawa ya tatizo hilo ni dakika moja. Unarudi kwenye toleo la wiki iliyopita, fomu inakaa sawa, unaagiza chai. Nikabonyeza ili nirudi. Folda hii siifahamu.

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa ya bosi, na hiyo siijutii. Zamani kazi yote ilikaa kwenye kompyuta yangu. Kisha mwenzetu mmoja akaacha kazi, bosi akasikia fununu kwamba anauza programu inayofanana na yetu, basi akaacha kumwamini hata mtu anayemletea maji. Akaagiza kila kitu kihamie kwenye kompyuta ya mapokezi, kwa sababu ina diski kubwa na betri ya kuishika umeme ukikatika, na kwa sababu iko mbele ya mlango wake anaiona. Mimi nifanye kazi kupitia waya, nisibaki na nakala hata moja. Kuweka kazi mtandaoni ndiyo hataki hata kusikia. Nilimwambia nakala moja ni sawa na kutokuwa nayo. Akanijibu, "Nakala nyingi ndipo wizi unapoanzia." Jumamosi alisimama nyuma yangu, mikono mfukoni, mpaka akaona kwa macho yake nimefuta ya kwangu. Jumatatu yake tu, hilo.

Jumatatu hiyo nilitafuta kosa mpaka macho yakauma. Nikaangalia kama nimesimama kwenye folda sahihi. Nikaangalia ruhusa. Nikabadilisha waya. Nikaing'oa programu nzima na kuisimika upya. Niliuliza kwenye kundi la wenzangu wa fani, mmoja akanijibu, "Umefuta mwenyewe, bro, kubali tu." Nilimtukana. Naomba radhi kwa lile tusi, lakini siyo sana.

Jioni nikaona bora nianzishe daftari jipya, angalau la kuanzia hapo, huku naendelea kulitafuta la zamani. Nikakomiti mara ya kwanza, ikapokea. Mara ya pili, ikapokea. Nikaenda nyumbani na matumaini. Jumanne saa tatu asubuhi nafungua: folda hii siifahamu. Nikaanzisha tena, jioni ikapokea vizuri, na Jumatano asubuhi ikanisahau tena kama mtu aliyekukopa. Sasa hapo hata ungekuwa na subira ya jiwe, ungepasuka.

Kompyuta ya mapokezi ilikuwa mikononi mwa mama. Sote tulimwita hivyo, umri wake ulikuwa wa mama yangu. Alikuwa anakaa Kigamboni, anavuka Magogoni na pantoni la mapema, na saa moja na robo yuko mezani na ushungi wake umekaa sawa kabla hata maduka hayajafunguliwa. Kazi yake ilikuwa kupokea flashi za mawakala, kuwachapia fomu zao, kupokea simu na kutukumbusha kula. Mumewe alikuwa amepooza upande mmoja, mwaka wa tano huo, na mshahara wa mama ndio uliokuwa unapika nyumbani kwao. Hakuwa analalamika, alikuwa anasema tu.

"Shikamoo, mama," nilimwambia ile Jumanne, nimeinama chini ya meza yake nachezea nyaya.

"Marahaba, baba. Mbona unahema hivyo? Chukua kalimati, zimo kwenye kopo." Halafu akaongeza, "Na hii mashine yangu wiki hii inanisumbua. Imeingia kirusi, baba, kikaidi..."

"Mama, subiri kwanza," nikamkata. "Nina tatizo kubwa hapa."

Akasubiri. Wala hakulirudia tena.

Jumatano bosi akatuita sote, akafunga mlango. Mawakala wawili walikuwa wameshahamia kwa washindani wetu. Alisema hataki hadithi za mfumo. "Kuna mtu anaharibu kazi hapa ndani, kwa makusudi au kwa ujinga, mimi sijali. Nikimjua, siku hiyohiyo anabeba mkoba wake." Alisema hayo ananiangalia mimi. Na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, unasubiri saini yake. Nilitoka pale najua kwamba unga utamwagika, na unga wenyewe ni wangu. Hasira ikaongezewa hofu, na hofu haijawahi kumpa mtu akili.

Alhamisi niliamua niiwahi mashine kabla haijanisahau. Saa moja na nusu nilikuwa napanda ngazi. Chini wapagazi walikuwa wanashusha marobota, wanapigana vikumbo na kutukanana kwa furaha. Mapokezi, mawakala watatu walishafika, wamekaa kwenye benchi na flashi zao shingoni. Mama alikuwa amewapa kisogo, mkono kwenye kipanya, anazungumza na kioo.

"Umerudi tena, mwanaharamu wee."

Nikachungulia begani kwake. Alikuwa amefungua folda ya kazi yangu. Mafaili yote yalikuwa yanaonekana meupe na mazima, na juu kabisa ilikuwa pale folda ndogo ya daftari langu, imefifia kama vinavyofifia vitu vyote ambavyo kompyuta imeviambia vijifiche. Akaigusa mara moja. Akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja ili isipite hata kwenye pipa la taka. Ikatoweka.

"Mama! Unafanya nini?"

"Namfuta huyu kirusi. Tangu Jumatatu, baba. Nikimfuta asubuhi, kesho namkuta palepale. Sijapata kuona kirusi king'ang'anizi namna hii."

Mtu mwenye akili angecheka. Siku nne mimi jioni najenga, yeye asubuhi anabomoa, na kila mmoja anamlaani adui asiyemjua. Hata yeye alikuwa anatafuta kosa kama mimi, tena kwa uaminifu kuliko mimi, kwa maana hakukosa asubuhi hata moja. Mimi sikucheka. Nilipiga kelele mpaka wapagazi wa chini nadhani walinisikia.

"Nani kakutuma? Nani kakwambia ukiguse? Hiyo ni kazi ya miaka mitatu! Umeniua, mama, umeniua!"

"Baba, nilidhani..."

"Usidhani! Kitu usichokijua kaa mbali nacho! Uzee wote huo hujui hata kuuliza?"

Nilisema hivyo. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba nilisema kitu kingine, chenye nafuu, lakini maneno ni hayo. Wakala mmoja alisimama kwenye benchi akasema, "Kaka, taratibu basi, huyo mtu mzima." Nikamwambia yasiyomhusu asiyaingilie. Mama alikuwa ametoa mkono kwenye kipanya, ameuweka mapajani juu ya mwenzake, anatazama meza.

Mlango wa bosi ukafunguka.

"Ni yeye?" akaniuliza mimi, kana kwamba mama hayupo pale.

"Ni yeye," nikasema.

Akamwita ndani, na haikuchukua dakika kumi. Sikusikia waliyoongea ndani, ila sikusikia sauti ya mama hata kidogo. Alitoka, akakunja kile kitambaa alichokuwa anafunikia printa isipate vumbi, akaweka chupa ya chai na kopo la kalimati ndani ya kikapu chake. Akamchapia fomu yake wakala aliyekuwa amebaki, kwa sababu alishapokea flashi yake. Kisha akaaga watu wote kwa heshima zote na kutoka. Alipofika ngazini akageuka.

"Baba, njoo mara moja."

Nikamfuata mpaka kwenye korido. Hasira ilikuwa haijanitoka, na nilishajiandaa kumjibu akianza kuniomba nimwombee msamaha kwa bosi. Hakuomba kitu. Aliingiza mkono kikapuni akatoa karatasi ambayo alikuwa ameifunika kwa plastiki, na mashine ya kazi hiyo alikuwa nayo pale mapokezi. Akanipa.

"Nimeisoma na kuisoma tangu humo ndani," akasema. "Nionyeshe, nilikosea namba ngapi?"

Ilikuwa hati ya mkono wangu. Niliitambua kabla sijasoma neno, na mara ile nikaikumbuka siku nilipoiandika. Nilikuwa mgeni pale, mwezi wangu wa kwanza kazini. Flashi za bandarini zilikuwa zinaleta virusi kila siku, vinajificha kwenye mafolda, na mama alikuwa ananiita kila baada ya nusu saa: baba, hiki nini, baba, kile je, nifute nisifute? Nilichoka naye. Niliiwekea mashine yake ionyeshe hata vilivyofichwa, nikachukua karatasi nikamwandikia mambo matano ya kufanya kila asubuhi, kwa herufi kubwa, ili asinisumbue tena. Namba tatu ilisema: FOLDA YOYOTE ILIYOFIFIA NI KIRUSI. USIULIZE. FUTA KWA SHIFT NA DELETE.

Nilisoma mpaka mwisho, ingawa hapakuwa na haja.

"Hukukosea, mama," nikasema.

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile macho yake yalikuwa na maji. "Basi kamwambie, baba."

"Nitamwambia."

"Kaa nayo hiyo, ukamwonyeshe." Akashuka, anashika ukuta kwa sababu ngazi za pale hazina taa.

Nikarudi ndani. Bosi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mama, anageuzageuza kipanya, anajaribu kutafuta mahali pa kuchapia. Karatasi nilikuwa nimeikunja mara mbili, ile plastiki inanichoma kwenye mfuko wa suruali. Hatua tatu tu zilikuwa kati yangu na yeye.

"Ameshaondoka?" akauliza, bila kugeuka.

"Ameshaondoka."

Niliwaza kwamba nitamwambia jioni, akiwa ametulia. Jioni alikuwa na wageni. Siku nzima nilikaa naijenga upya ile fomu kwa mkono, mstari kwa mstari, kwa kuangalia karatasi ya zamani ambayo wakala mmoja alikuwa amebaki nayo kwenye faili lake. Bosi mwenyewe ndiye aliyekuwa anachapa fomu za watu, anakosea, anafoka, na mimi kila alipofoka nilisema moyoni kwamba sasa ndiyo wakati mbaya kabisa wa kumwambia.

Ijumaa asubuhi nilifungua kompyuta yangu, na daftari jipya nililolianzisha jioni lilikuwa palepale. Bosi akaja akasimama nyuma yangu, mikono mfukoni kama siku ile ya Jumamosi. Nikaandika maelezo ya fomu iliyotengenezwa, nikabonyeza. Mfumo ukapokea mara moja, ukaandika jina langu na saa. Hakukuwa na kosa lolote.

Bosi akanipiga begani. Alikuwa anatabasamu, na mkononi alikuwa ameshika mkataba wangu, umesainiwa.

"Umeona?" akasema. "Tatizo lilikuwa yule mama."

"Ndiyo, bosi," nikasema, nikaupokea kwa mikono miwili.