Feni ya Kanisa na Tone la Mafuta

Shule niliachia darasa la sita, na leo nina duka la kutengeneza kompyuta Thika mjini, na nyumba ya mawe kule Theta ambayo hakuna mtu alinisaidia kuinua hata ukuta mmoja. Nayasema haya mapema ili ujue ni nani alipigwa kofi la mkono kanisani.

Kanisa letu liko Gitothua, Ruiru. Siku hiyo kompyuta inayoonyesha maneno ya nyimbo ukutani ilianza kunguruma kama mashine ya kusaga unga. Nikainuka kuitazama. Mwenyekiti wa kamati ya mitambo akanipiga mkono.

"Ndugu, hii si redio ya kinyozi. Rudi kwa kiti."

Kanisa likacheka. Bibi yangu wa ndoa pia alicheka, nilimwona.

Nilikuwa nishajua ni feni ya pawa saplai, lile sanduku la nyuma linalogawa umeme. Nikarudi kwa kiti na siri yangu. Ikizidi kulia, nami nazidi kufurahi. Pasta anahubiri, feni inamjibu. Mwenyekiti anaichapa ubavuni, inatulia kidogo, inaanza tena. Jumapili moja alichukua mafuta ya upako, akayamimina kwa matundu ya nyuma, akaiombea. Ikalia zaidi. Siku hiyo nilisema amina kwa nguvu.

Mwishowe mwenyekiti akamtuma bibi yangu aniombe niitengeneze. Nikajibu: aibebe mwenyewe, ailete Thika, Jumamosi.

Akafika nayo begani, suti imelowa jasho.

"Bwana asifiwe, ndugu."

"Asifiwe. Keti hapo, nahudumia watu."

Nikawahudumia wote, hata mama aliyekuja nyuma yake kuulizia chaja tu. Ndipo nikalifungua lile sanduku mbele ya wateja. Vumbi lilikuwa limeshikana na mafuta ya upako likawa tope.

"Nani alimwaga hii?" nikauliza, na najua.

"Ni... tulijaribu."

"Mlijaribu kuikaanga?"

Benchi nzima ikaangua kicheko. Hapo nilishiba.

Nikapangusa mapanga ya feni, nikabandua kibandiko cha katikati, nikadondosha tone la mafuta ya cherehani. Nikafunga, nikawasha. Kimya.

"Aiii, fundi! Ni kama imezimwa!" mwenyekiti akashangaa.

"Nataka kitu kimoja tu. Kesho, mbele ya wale walionicheka, useme ni nani ameitengeneza."

"Nitasema, ndugu. Kweli kabisa."

Kwa droo nilikuwa na feni mpya ya saizi ile ile. Ya zamani imelika ndani, na mafuta huinyamazisha kwa muda tu, yakikauka inalia tena. Nilipanga akishasema, nimwekee ile mpya. Sikumwambia.

Jumapili akasimama wakati wa matangazo. Kanisa lilitulia mpaka unasikia mtoto akinyonya.

"Tumshukuru Mungu kwa mashine yetu. Kamati yangu imeishughulikia."

Watu wakapiga makofi. Bibi yangu, ambaye safari hii hakucheka, akanishika goti. "Wachana naye, mzee wangu."

Sijawachana naye. Feni mpya bado iko kwa droo, haijatolewa kwa karatasi yake. Siku hizi mimi nakaa kiti cha mbele, upande wa mashine, nimetega sikio. Juzi, katikati ya maombi, nikasikia kamlio kadogo. Nikafumbua macho, nikamtazama mwenyekiti.

Naye alikuwa ameshafumbua yake, ananitazama.