Maji Yaliyopotea Barabara ya Kilembwe

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu, mkubwa wa garaji pale mjini Baraka, hakunipa spana. Alinipa kitambaa kikavu. Nilikuwa fundi wa maji ya nyumba, na garaji ilikuwa imeletewa gari kubwa la kliniki, lenye kitanda cha mgonjwa, sinki mbili, tangi chini ya sakafu na pampu ya betri.

"Faila," akaniambia, "maji haiongopake, lakini inatembeaka. Pahali unaona inatonya, si pahali inatokea. Kausha kwanza, halafu ungojee."

Nyumba haitikisiki, gari hutikisika kutwa nzima, na viungo vya tiyo, yaani mabomba ya maji, hulegea. Nilijifunza kusikiliza pampu. Robine zote za sinki zikifungwa, pampu hunyamaza. Ikijiwasha kidogo na kuzima, kisha tena, maji yanatoka mahali fulani mbele yake. Ikinguruma bila kukoma na robine inatema hewa, tafuta upande wa tangi.

Baadaye nilihamishiwa kwenye gari lenyewe, chini ya Dokta msimamizi, mtu wa maneno machache asiyependa kuchelewa. Asubuhi moja tulitoka Baraka na tangi limejaa. Tulipofika karibu na Kilembwe, lilikuwa limebaki nusu, na hakuna aliyefungua robine.

Hapo alikuwa anatungoja Mama Spesi, mkulima aliyekimbia Burundi, uchungu umemshika tangu alfajiri. Mto ulikuwa tope tupu kwa mvua.

"Hii nusu itaisha katikati, na bila maji safi sianzi," Dokta alisema. "Tunamupeleka Baraka."

Mkunga wetu akatikisa kichwa. "Ile barabara itamumaliza, Dokta."

"Unipatie muda kidogo," nikasema.

"Mama Fundi, muda ni ya huyu mama, haiko yangu."

"Basi naomba yake."

Mama Spesi alinisikia. "Tengeneza," akasema, ameuma kitenge chake.

Nilizima pampu ili maji yaliyobaki yasipotee. Chini ya sinki ya mbele nilikuta kiungo chenye unyevu, nikakikaza, nikatangaza kwamba kazi imekwisha. Nilipowasha pampu, ikanyamaza, kisha ikalia tena. Dokta akatazama saa yake. Nilisikia aibu mpaka masikioni.

Nikaanza upya, safari hii kwa utaratibu. Nilifunga valvu ya tiyo ya nyuma, pampu ikanyamaza kabisa. Kwa hiyo tundu lilikuwa nyuma. Nilikausha sakafu yote ya upande ule, nikaomba unga wa muhogo kwa bamama waliomsindikiza mgonjwa, nikaunyunyiza chini kufuata njia ya tiyo. Nikafungua valvu. Unga ukabaki mweupe, mweupe, kisha nyuma ya kabati la dawa ukawa ugali mbichi.

Nilifungua ubao. Visi, skrubu ya kushikilia kabati, ilikuwa imetoboa tiyo. Niliitambua, kwa kuwa wiki moja kabla ni mimi niliyekaza kabati lile ukutani. Ilikuwa imeziba tundu lake yenyewe mpaka barabara ikailegeza.

Nilikata kipande kilichotoboka, nikaweka kiungo kipya na kukikaza kwa vibanio. Pampu ikanyamaza. "Nawa mikono, Dokta," nikasema. Mtoto alizaliwa kabla ya mchana, wa kike, analia kwa hasira.

Hakuna aliyekuwa ameiona visi ile. Ilikuwa mfukoni mwangu, na ingeweza kubaki humo. Dokta alipotoka nje kupumua, nilimwekea mkononi.

"Ni mi nilitoboa tiyo," nikamwambia.

"Sasa kwa nini unanionyesha?"

"Kwa sababu niliweka visi ingine tatu. Hatutoki hapa mpaka nifungue kabati zote."

Akavua koti lake jeupe na kunisaidia kuhamisha masanduku ya dawa. Visi ya tatu ilikuwa imeshaanza kukwaruza tiyo.

Nilifanya kazi katika gari lile miaka mingi, mpaka magoti yalipokataa. Dokta wa sasa, kijana, alinisihi nibaki nielekeze wengine nikiwa nimekaa kwenye kiti. Nilimshukuru, nikakataa. Fundi asiyeweza tena kulala kifudifudi kwenye sakafu ya gari, siku moja ataanza kukisia, na watu wanaotungoja barabarani hawastahili kukisiwa. Nilimkabidhi funguo za sanduku la vifaa, nikarudi nyumbani kwa miguu, polepole.