Mnyororo Niliofungia Kizimba

Nianze na wewe unayetikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Haya yalinipata mimi, hapa Mtendeni, Tabora, nyumbani kwangu, nikiwa na akili zangu timamu. Na si usiku. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, nimetoka kula wali wangu. Mnaotaka mizimu ije gizani, huyu hakuwauliza.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi peke yangu. Wezi walipobeba kuku wangu wote, kaka yangu wa Igalula aliniletea mtoto wa mbwa kwa treni, ndani ya kapu. Nikamwita Karanga kwa ajili ya rangi yake. Daktari wa mifugo akanishauri nimzoeshe kizimba, nusu saa kila mchana na usiku wakati wa kulala, mpaka ajue kuwa ndiyo nyumba yake. "Akilia usimfungulie, Mwalimu," aliniambia. "Subiri anyamaze. Ukimfungulia akiwa analia, atakutawala." Hilo nililielewa upesi. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi.

Fundi seremala alinitengenezea kizimba cha vipande vya mninga, kizuri kuliko kitanda changu, ila hakuweka komeo. Wiki ile ile vibarua walikuwa wakinichimbia shimo la choo nyuma ya nyumba, wakakuta mnyororo wa chuma, mzito, umeshika kutu lakini haujakatika. Mtu wa Tabora anajua misafara ya zamani ilipita wapi, na watumwa walifungwaje. Mimi nimeifundisha historia hiyo, ubaoni, kwa chaki. Lakini nikasema chuma ni chuma. Nikausugua kwa mchanga, nikafungia mlango wa kizimba.

Kuanzia siku hiyo Karanga akagoma kula. Kabla ya hapo alikuwa akiingia mwenyewe kufuata dagaa niliowaweka humo. Sasa akawa analia mpaka sauti inakauka, na shingoni, ambako sijawahi kumvisha kitu, manyoya yakaanza kunyonyoka duara zima. Siku ya tatu hata kusimama vizuri hawezi. Niliogopa atanifia. Lakini nilikuwa nimeambiwa nisimfungulie akilia, na mimi nikishika jambo siachii.

Mchana huo basi nikatoka uani, nikamkuta kijana amechuchumaa mbele ya kizimba. Kifua wazi, miguu ina vumbi hadi magotini. Geti nilikuwa nimelifunga kwa ndani. Unauliza kama nilikimbia? Nikimbie kwangu mwenyewe?

"Kijana, umeingilia wapi? Na hata kuamkia huwezi?"

"Mfungulie," alisema bila kugeuka. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi nzito ya Kinyamwezi, kama cha bibi yangu mzaa baba.

"Hafunguliwi anayelia. Akinyamaza nitamfungulia."

Akageuka. Amini usiamini, shingoni alikuwa na alama ile ile ya Karanga, duara zima, ngozi imelika.

"Sisi tulinyamaza," alisema. "Hatukufunguliwa. Tulizikwa nao."

Nitakuambia nilichokisikia moyoni, na usidhani ni hofu. Ilikuwa hasira. Miaka yote ile nimewasomesha watoto habari za watu hawa, halafu nimechukua chuma chao kumfungia mbwa, na kaburi lao nataka kulifanya choo. Niliwakasirikia waliowafunga, nikajikasirikia na mimi. Nikapiga magoti, magoti yangu haya mabovu, nikauchomoa mnyororo. Karanga akatoka, wala hakuja kwangu. Alisimama kwa miguu ya nyuma, ile ya mbele ameiegemeza kwenye goti la yule kijana, akawa anamlamba mkono. Nilipopepesa macho kijana hayupo, lakini Karanga bado amesimama vile vile, ameegemea hewa.

Hapo nikaelewa nani alipaswa kumwamkia nani. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba," sauti ikajibu.

Jirani yangu Mama Rehema alikuwa akianika mpunga upande wa pili wa ukuta. Akaniita, "Mwalimu, leo una mgeni wa kiume?" Kwa hiyo usije ukaniambia ni jua lilinipiga.

Mnyororo niliurudisha shimoni siku ile ile, nikalifukia, na choo kikachimbwa upande mwingine. Jioni Karanga alikula. Kaka yangu anasema nimrudishe mbwa Igalula, Mama Rehema anasema niuze nyumba. Simrudishi, wala siuzi. Karanga sasa ni jibwa zima, na manyoya ya shingoni yameota tena, meupe, duara zima. Kizimba hakina komeo. Kila saa nane mchana huingia mwenyewe, akalala upande mmoja tu, wa pili akauacha wazi. Nami hupita nikaamkia. Mtaani wananicheka, eti bibi kizee anampa mbwa shikamoo. Wacheke.

Ila wewe, ukichimba kwenu ukakuta chuma usichokijua, usikifungie kiumbe hai hata kwa nusu saa. Na anayelia usimngoje anyamaze. Wapo walionyamaza, na mimi naishi juu yao.