Wiki Tatu Mlangoni

"Tuko!"

Sauti hiyo Daphrose hajaisahau. Ilikuwa ya watoto kumi na mmoja kwa pumzi moja, ndani ya ua wa bibi yake mtaa wa Buyenzi, Bujumbura. Yeye na mama yake waliisikia wakiwa bado nje, miguu imevimba, vumbi limewafika kwenye nyusi. Daphrose alikuwa na miaka sita. Alidhani watoto wale wanamjibu yeye, kwamba kuna mtu ameuliza kama dunia bado ina watu, na hao wamesema wapo.

Aliyeuliza alikuwa bibi, na ndivyo alivyofungua kila hadithi. "Muko?" Wajukuu wakijibu, anaendelea. Wakinyamaza kwa kununa au kwa usingizi, hakuwabembeleza. Alikuwa akiukunja mkeka wake, anautia kwapani, anaingia ndani. "Asiyejibu haletewi," alikuwa akisema, na kesho yake watoto walijibu mpaka majirani wakagonga ukuta.

Leo Daphrose ana miaka hamsini na minne, na anashona nguo kwenye baraza moja mtaa wa Gitega, Kigali, hapo ngazi zinapoteremka kutoka barabara ya juu. Cherehani yake ni ile ile ambayo mama yake aliingia nayo Buyenzi kichwani siku ile. Miguu yake imebadilishwa mara mbili, mkanda hauhesabiki, lakini kichwa ni kile kile cheusi, na maua ya dhahabu yamebaki upande ambao mkono hauusugui.

Kuandika alianza baada ya kufiwa na mume, katika madaftari ya hesabu yaliyoachwa na watoto. Yalipofika saba aliyafunga kwa utepe na kuyapeleka kwa mchapishaji mmoja mjini. Yule bwana alifungua kurasa kwa heshima, akacheka pale pa kuchekesha, kisha akayafunga tena kwa utepe ule ule.

"Mama, Kiswahili chako kitamu. Lakini hapa Kigali nani atakinunua kitabu chake?"

Alirudi nayo. Wiki mbili baadaye, akingoja wali wa harusi ya binamu yake, aliandika kipande cha hadithi kwenye simu, akakirusha katika kundi la WhatsApp la ukoo ili kupitisha muda. Hata wali haujapakuliwa, binamu wa Dar es Salaam alikuwa amekipeleka kwa wafanyakazi wenzake, na shangazi wa Bujumbura kwa kwaya nzima ya parokia. Kufika Jumapili watu asiowajua walikuwa wanauliza: na kisha?

Basi Silvère, fundi wa simu mwenye kibanda mkabala na baraza lake, akamtengenezea kundi la peke yake na kulipa jina Hadithi ya Alhamisi. Watu wakaingia kwa kupeana kiungo, mmoja akimvuta mwingine, mpaka wakapita mia mbili: madereva wa malori, watawa, wanafunzi, fundi cherehani mwenzake wa Uvira, na kijana wa Kanada aliyesema anaisoma akingoja basi kwenye theluji. Kila Alhamisi saa nne asubuhi Daphrose aliiegemeza simu kwenye rili ya uzi, akaandika neno moja: *Muko?* Majibu yalianguka kama mvua kwenye bati. Tuko. Tuko mama. Tuko huku mpakani Rusumo, foleni haisogei, leta! Hapo ndipo alipotuma sehemu ya wiki hiyo. Aliandika kwa kidole gumba kimoja, kati ya mteja na mteja, na alikata maneno kama anavyokata kitambaa, akiacha kidogo pembeni kwa ajili ya pindo.

Hadithi yenyewe ilimhusu Mukunde, mwanamke aliyeolewa na mtu mwenye mkono mzito wa kupiga. Katika sehemu ya tisa, Mukunde anaamka kabla ya jogoo, anafungua cherehani kutoka kwenye meza yake, anajitwika kichwa cha mashine, na anasimama mlangoni pa ua. Mtoto wake wa kike ameshika upindo wa kitenge chake. Hapo Daphrose alikatia.

Wasomaji hawakujua kwamba hakubuni. Alibadilisha jina la mama yake na la kilima walikotoka tu. Jambo hili hakuwahi kulisimulia, si kwa mumewe wala kwa padri. Katika ukoo wao ilisemwa tu kwamba mama "alikuja Buyenzi", kama mtu aliyekuja kutembea. Wengine walilisema wakiangaliana.

Jioni ya sehemu ya tisa, kundi lilivamiwa. Mtu mmoja alimwaga matangazo ya dawa ya kurudisha mpenzi, mwingine maji ya kuondoa madeni, wa tatu akaleta picha arobaini za maua zenye kusema habari za asubuhi. Daphrose alivuka kwenda kibandani.

"Silvère, baba, nisaidie. Watu wa dawa wamenijaa nyumbani."

"Lete." Silvère alibonyeza mara tatu, bila kuondoa kijiti cha meno mdomoni. "Nimefunga. Sasa hakuna mtu atakusumbua, mama."

"Hata wa maua?"

"Hata Papa wa Roma."

Alhamisi iliyofuata, saa nne, Daphrose aliandika: *Muko?*

Hapakuwa na kitu. Alishona shati zima la shule, kola na vifungo, akaangalia tena. Kimya. Saa saba alituma sehemu ya kumi hivyo hivyo, na humo Mukunde akavuka mlango na kushika njia. Kimya. Wiki ya pili akatuma ya kumi na moja, kimya. Ya tatu, kabla ya kutuma ya kumi na mbili, akaandika *Muko?* mara mbili, jambo ambalo bibi asingelifanya hata kwa kulipwa.

Namba ngeni zilikuwa zinapiga, lakini tangu jirani yake adanganywe na mtu aliyejidai wa benki, Daphrose hapokei namba asiyoijua, na ujumbe wake anaufuta bila kuufungua. Kwa hiyo hakubaki na mtu wa kumweleza, akajieleza mwenyewe. Kunyamaza kulianza baada ya Mukunde kusimama mlangoni na mzigo wake. Na nani asingejua anakwenda wapi? Wamemhukumu, alijiambia. Mwanamke aliyebeba mali ya nyumba na mtoto wa mtu akaondoka. Wamemhukumu, na wameondoka kwa adabu, mmoja mmoja, kama watu wanavyoondoka kwenye sherehe ambayo mwenye nyumba ameanza kulewa.

Kumpoteza msomaji kuliuma. Lakini kilichomkosesha raha ya chakula ni kingine: kwamba baada ya miaka arobaini na minane amemsimamisha mama yake mbele ya watu mia mbili, na watu mia mbili wameangalia pembeni.

Jumatano, mikono yake ikiwa kwenye gauni la ubatizo, akili ilikuwa kwenye sehemu ya kumi na tatu, aliyokwisha kuiandika kwenye simu. Ndani yake mvua inamshika Mukunde njiani. Anakaa chini ya kichaka, anafikiri, anageuka. Anarudi na cherehani yake, anapiga magoti mlangoni, mume anamsamehe. Ilikuwa imeandikwa safi, bila kosa hata moja. Aliisoma mara ya pili akahisi kama ameshona sketi nzuri ya mtu mwenye mguu mmoja. Kesho saa nne angeituma. Pengine wangerudi.

Hapo ndipo pikipiki ya abiria iliposimama juu ya ngazi. Akashuka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa sare ya ofisi, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Akateremka huku akiangalia simu yake, kisha kibao cha Silvère, kisha simu, kisha mlango wa bluu nyuma ya baraza.

"Shikamoo, mama."

Daphrose alicheka kidogo bila kupenda. Salamu hiyo hapa haipiti kila siku. "Marahaba, mwanangu. Wewe umetoka Tanzania."

"Nimekulia Karagwe, sasa naishi hapa Kigali, Kabeza. Naitwa Annah, niko ofisi ya mizigo pale uwanja wa ndege. Mama, samahani, wewe ndiye Daphrose wa Hadithi ya Alhamisi?"

Sindano ilisimama. "Nani amekuelekeza?"

"Picha yako." Annah alimwonyesha ile picha ndogo ya kwenye wasifu: Daphrose kwenye cherehani, nyuma yake mlango wa bluu, na pembeni kipande cha kibao, DAKTARI WA SIMU, GITEGA. "Dereva wa pikipiki amesema huyo daktari anamjua, alimwibia kioo."

"Sikumwibia!" Silvère alipaza sauti kutoka kibandani. "Kilivunjika chenyewe!"

Annah alikaa kwenye kigoda cha wateja. Alionekana kama mtu aliyetumwa na mkubwa na asiyeweza kurudi mikono mitupu.

"Nimekupigia mara nne, mama. Nimekuandikia. Nilidhani umenizuia. Nimekuja kwa ajili ya mama yangu, Bibi Jovia. Macho yake yamekwisha, mimi ndiye ninayemsomea. Kila Alhamisi ukiuliza 'Muko?', anajibu kwa sauti, 'Tuko!', na lazima niandike jibu lake na anisikie nikilituma. Nisipolituma hataki nisome. Sasa wiki tatu haliendi."

"Haliendi wapi?"

"Kwenye kundi. Umelifunga. Ni wewe tu unaweza kuandika." Akafungua kundi kwenye simu yake na kumgeuzia. Chini kabisa, pale watu wanapoandika, palikuwa na mstari wa kijivu uliosema kwamba viongozi wa kundi pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe.

Daphrose aliufuata mstari ule kwa kidole, neno kwa neno.

"Nikamwambia mama yangu, acha nikusomee tu, mwandishi labda hataki kelele. Akasema, 'Mimi sijajibu, na hadithi haiji kwa mtu aliyenyamaza.' Kwa hiyo kwake Mukunde bado yuko pale mlangoni. Asubuhi ananiuliza, 'Bado amesimama?' Namwambia, 'Bado.' Ananiambia, 'Annah, mashine ni nzito. Mtu hawezi kukaa nayo kichwani wiki tatu. Nenda kamwambie huyo mwanamke.'"

"Na wewe hukusoma mbele?"

Annah aliinamisha macho. "Nimesoma. Chooni, ili asijue."

"Na... Mukunde ulimwonaje? Alipotoka?"

"Nilimwonaje?" Annah alimtazama kana kwamba ameulizwa kama maji yanalowesha. "Nilifungua mlango wa choo nikapumua. Mama, nilikuwa nataka kumsaidia kubeba."

Daphrose aliinuka. Gauni la ubatizo lilidondoka kutoka mapajani mwake na hakuliona.

"Silvère! Hebu njoo hapa. Ulifanya nini kwenye kundi langu?"

"Si ulisema nifunge?"

"Nilisema uwafungie watu wa dawa!"

"Ah, mama." Alikuja akijifuta mikono, akaangalia, akakuna kichwa. "Watu wa dawa hawana mlango wao. Mlango iko moja tu. Ukifunga, umefunga wote."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuambia hakuna mtu atakusumbua. Wewe ulinipa Mungu akubariki na sambusa mbili."

Daphrose alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Akamkabidhi simu. Silvère alibonyeza mara tatu, kama siku ile, kisha akawatoa watu wa dawa na wa maua mmoja baada ya mwingine, akiwaaga kwa majina. Dakika kadhaa simu ilikaa kimya juu ya meza ya cherehani. Mtu mmoja huko aliko akagundua kwamba kundi limefunguliwa. Ikatetemeka mara moja. Kisha ikaanza kutambaa yenyewe kuelekea kwenye mkasi.

*Tuko!* Huyo alikuwa fundi wa Uvira. *Tuko mama, tulifikiri unaumwa.* *Tuko, na huyo mume nipeni anwani yake.* *Sista Christella na wenzake, tuko, tunamwombea Mukunde kwenye masifu ya jioni.* *Rusumo tena. Tuko. Nimemwona mwanamke na cherehani kwenye foleni nikashuka kumsalimia.* Kijana wa Kanada aliandika herufi kubwa tupu. Mtu ambaye hakutaja jina aliandika: *Mama yangu pia alitoka hivi. Sikujua kama inasimulika.*

Hilo Daphrose alilisoma mara tatu. Kisha akaitafuta sehemu ya kumi na tatu, ile safi isiyo na kosa, yenye magoti na msamaha, akaifuta. Alifanya hivyo haraka, kama anavyofumua mshono uliokwenda upande, kabla uzi haujazoea.

Annah alikuwa amepiga simu nyumbani na sasa anasikiliza kwa subira ya mtoto mkubwa anayeagizwa. "Ndiyo, mama. Yupo. Nimemwona. Hapana, si mnene. Haya, mpe jirani simu akurekodi anitumie, nami nitamtumia." Akakata, ujumbe ulipoingia akaupeleka mbele, na simu ya Daphrose ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka namba ngeni. Aliufungua.

Sauti ilikuwa ya kizee, kavu, na karibu mno, kama ya mtu aliyeweka midomo juu ya simu.

"Mwandishi. Mimi Jovia wa Kabeza. Tuko. Umesikia? Tangu siku ile tuko. Leo mtoto huyu atanisomea zote tatu, na chai nimeshaweka. Mukunde simhofii, mwanamke aliyefungua mashine yake mwenyewe atafika tu. Nakuuliza wewe kitu kimoja, maana usiku nakifikiria. Yule mtoto aliyeshika upindo. Alikuwa mdogo, na njia ni ndefu. Alifika?"

Silvère alikuwa anarudi kibandani akipiga mluzi. Annah alikuwa anasoma majibu na kucheka peke yake. Daphrose aligeuka akaangalia cherehani, yale maua ya dhahabu yaliyobaki. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mdomoni, akabonyeza penye kipaza sauti.

"Alifika, mama," akasema, polepole, kwa sauti ambayo hata Annah aliyekaa karibu hakuisikia.