Chumba cha Kulia cha Skrini

Mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alifariki na shule yangu ikaishia darasa la nne. Mtoto wa baba mkubwa, tuliyezaliwa naye mwaka mmoja, aliendelea kusoma. Nilimwonea wivu. Sifichi.

Ilipokuja miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, mama mmoja mjane alifungua duka la vipuri vya magari mtaa wa Mfaranyaki, nami nikawa mtu wake wa kaunta. Dereva hakutaja jina la kipuri. Aliweka chuma kilichovunjika mbele yangu, kimefungwa kwenye tambara, akasema, "Kama hiki." Madereva wa Tunduru walimpa kondakta wa basi akilete. Mimi nilikishika tu, nikajua ni cha gari gani.

Baadaye mama akatangaza kwamba atafungua duka la pili Namtumbo, na mmoja wetu tunaomfanyia kazi atakwenda kulisimamia. Nafasi ile niliihesabu yangu. Ndipo ndugu yangu akaja kutoka Dar es Salaam na kompyuta, kaitwa na mama atengeneze programu ya stoo.

Fomu yake ya kwanza ilikuwa ndefu kama mkeka, ukimaliza ukurasa unabonyeza mwingine.

"Kaka, hapa unaandika jina la kipuri," akanionyesha.

"Na asiyejua jina?"

"Atajifunza."

"Gari lake limelala porini, aje ajifunze kwako?"

Nikachana boksi, nikachora kwa chaki vyumba vitatu. Kushoto magari. Ukichagua gari, katikati vinakuja vipuri vya gari hilo tu. Ukichagua kipuri, kulia unaona kiko rafu gani, na chini yake kipi kingine kinaweza kuingia badala yake. Vyote mbele ya macho, kwa pamoja.

Akacheka. "Kaka, hii ni programu, siyo nyumba ya kupangisha."

Wiki iliyofuata skrini ilikuwa na vyumba vitatu. Mama akaita majirani. "Njooni mwone kazi ya msomi!" Msomi akatabasamu. Chini kabisa ya skrini akaandika jina lake.

Kesho yake akanijia na daftari. "Kaka, nitajie vipuri vinavyobadilishana, nijaze kile chumba cha kulia."

"Sikumbuki," nikamwambia. Uongo. Nilivijua kama watoto wangu.

Basi siku moja akaja dereva wa lori la tumbaku, beringi ya gurudumu imesagika. Ndugu yangu akachagua lori, akachagua beringi. Imekwisha. Chumba cha kulia kitupu.

"Mama, tumbaku iko barabarani na wingu lile mnaliona," dereva akasema.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kreti, natafuna muwa. Beringi za trela la trekta zinaingia kwenye lori lile bila kusukumwa, na boksi lake lilikuwa linagusa mgongo wangu. Nilingoja mama anigeukie. Hakunigeukia. Alimgeukia yeye: "Msomi, tufanyeje?" Nikaendelea kutafuna. Dereva akaondoka.

Siku ya tatu alirudi na beringi ya trela aliyoipata duka la upande wa pili wa mji, aje amwonyeshe mama, na kumwambia nusu ya mzigo imelowa. Mama akaniita.

"Ulikuwa hujui?"

Ningesema sijui, ningepona. Lakini mimi kazini sijawahi kusema sijui.

"Nilijua."

"Yeye hakujua. Wewe ulijua ukakaa." Namtumbo akapewa yeye.

Niliondoka mwezi ule ule, nikaanza na meza moja kando ya barabara.

Leo nina maduka mawili ya vipuri, nyumba ya matofali ya kuchoma, shamba la mahindi ekari sita, pikapu moja, ng'ombe wanne. Nina kompyuta yenye programu ile ile, maana sijaona iliyo bora. Chumba cha kulia nimekijaza mwenyewe, hakina nafasi. Na nina kipande cha plasta, nimekibandika chini kabisa kwenye skrini, kimefunika jina lake.