"Kupisha maendeleo" kwa Kinyambo

Leo nimezima makofi ya mkutano mzima wa kijiji. Sikukusudia.

Mgeni rasmi alisema, "Mmepata heshima ya kupisha maendeleo!" Watu wakashangilia.

Bibi mmoja aliyekaa mbele akaniita. "Karani, mjukuu wangu, tumepata nini? Tuambie kwa Kinyambo."

Nilitafuta maneno ya heshima, sikuyapata. Nikawaambia wanatakiwa kuacha migomba na kahawa yao, wahame.

Makofi yakakatika.

"Umewaambia nini?" mgeni akauliza.

"Nimetafsiri tu, mheshimiwa."

"Tafsiri upya."

Nikarudia yaleyale. Sikuwa na mengine.

Bibi akasimama. "Mwambie hatupishi."

Hilo nalo nikalitafsiri.

Kesho asubuhi nimeitwa ofisini. Anayejua "kupisha maendeleo" kwa Kinyambo aniandikie leo, tafadhali.